Hodi Ndani ya Faili

Wafula, mwanangu, papa wangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, naisikia nikiwa hapa mezani: uko getini na vijana wenzako, mnacheka mpaka mbwa wa jirani anabweka. Baba yako bado hajatoka soko la Burma. Amepiga simu kusema leo amekuchagulia mbavu nzuri kwenye bucha yake na nisithubutu kupika maharagwe. Kwa hiyo nina nafasi kidogo ya kukaa na wewe kabla wengine hawajakuchukua.

Sitakwambia uchemshe maji ya kunywa. Sitakwambia ufue soksi wala uende kanisani. Hayo mama zako wadogo wamekwambia kwa simu wiki nzima, kwa zamu, kama watu wanaopokezana uji wa mgonjwa. Na baba yako amekununulia jaketi zito sokoni Gikomba. Jaketi, Lodwar! Nimemwambia huko jua linamkaanga mtu hata akiwa kivulini, akanijibu kwamba baridi haina kwao. Libebe tu, ulifanye mto.

Naandika kwa sababu ya neno ulilosema Jumapili. Ulikuwa nje unasugua viatu, baba yako akakuuliza kama uko tayari, nawe ukamjibu kwa sauti ya chini ukidhani mimi sisikii:

"Buda, nafikiria niwaambie hao wasee wa Lodwar wanipee miezi kadhaa. Mathe bado ako na somo moja la mwisho. Nikitoka, nani atamshikia hiyo kazi ya kompyuta? Atakwama."

Baba yako alikohoa tu, unakijua kikohozi chake cha mambo mazito. Tangu siku hiyo tiketi ya basi iko hapa mezani chini ya kopo la chumvi, na bado hujawaambia hao watu kama kesho unakuja au huji.

Kazi kama hiyo haimsubiri mtu. Umeitafuta tangu ulipomaliza chuo cha ufundi, huku ukiwachapia watu barua za kuomba kazi pale saiba ya Njiru, kwenye kompyuta za kukodi. Wao wanaitwa, wewe unabaki na mashine. Sasa umepata yako, kutengeneza mitambo ya kuvuta maji kwa nguvu ya jua, kitu ulichokisomea hasa, halafu uiache ipite kwa sababu mama yako hajui kufungua faili? Hapana. Nimeona nikae chini nikwambie ukweli wote, na ukweli wenyewe una aibu kidogo upande wangu.

Wacha nianzie mbali. Unakumbuka siku mkuu wa shule yetu alipotuambia kwamba kila mwalimu wa chekechea lazima awe na diploma, na asiyeitaka aonyeshwe mlango. Mimi, niliyeanza kufundisha darasa la watoto wadogo wewe ukiwa mmoja wao! Nimefuta makamasi ya watu ambao leo wana ndevu. Nilirudi nyumbani nikalia jikoni nikisingizia kitunguu. Ni wewe uliyenitafutia chuo cha kusomea mtandaoni, ukaniletea laptopu nzee ya saiba iliyong'oka herufi moja, ukaniambia, "Mathe, we bonyeza tu. Haiwezi kukulipukia."

Haikunilipukia. Lakini niliigusa kama sufuria iliyotoka motoni. Kazi za kwanza niliziandika kwenye karatasi kwa mwandiko wangu wa ubaoni, wewe ukachapa, maisha yakaendelea. Kisha mwalimu wa chuo, kijana ambaye ndevu zake bado hazijakubaliana zitokee wapi, akasema sasa tutafanya kazi kwa vikundi. Mimi, Ticha Wanjiku wa Kayole na Ticha Akinyi wa Dandora tuandike pamoja ndani ya faili moja, kila mtu akiwa kwake. Nilikuuliza: watu watatu, faili moja, kalamu ameishika nani? Ukasema tumeishika sote. Sikuelewa, nikaitikia.

Siku nilipoingia humo peke yangu, wewe ukiwa kazini, nilikuta maneno ya Ticha Wanjiku yamekaa yamejipanga, aya kwa aya, juu ya michezo ya watoto. Nikajiona nimesimama sebuleni kwa mtu na viatu vya matope. Mtu haingii kwa mwenzake hivi hivi. Nikaandika pale juu kabisa: "Hodi." Nikangoja. Kimya. Nikaandika tena: "Hodi wenyewe, ni Mwalimu Nasimiyu wa Njiru." Nikaenda nikaosha vyombo, nikarudi. Hakuna aliyenikaribisha. Kumbe hakukuwa na mtu ndani! Mimi nikadhani wameniona wakaninyamazia kwa sababu mimi ndiye mzito wa kuelewa, nikaifunga mashine kwa kishindo.

Kazi ikapelekwa kwa mwalimu na hodi zangu mbili zimekaa juu ya kichwa cha habari. Yule kijana akaandika pembeni: "Je, hodi hii ni sehemu ya utangulizi?"

Nilipokuonyesha ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Ukampelekea baba yako picha, naye akawasomea wenzake wa bucha. Jioni alisimama nje ya mlango, badala ya kubisha akaita, "Mama Wafula, je, hodi hii ni sehemu ya utangulizi?" Nyinyi mlifurahi sana. Mimi niliumia, Wafula, na sikuwaambia. Niliipandisha ile laptopu juu ya kabati, nikaifunika kwa kitambaa cha makochi, nikasema Mungu akitaka niwe na diploma atanipa kwa njia nyingine.

Aliyeiteremsha ni Ticha Wanjiku. Alinipigia simu.

"Nasimiyu, umepotelea wapi? Ati umekasirika juu ya hodi? Mimi hizo hodi nilizipenda. Mimi huwa naingia humo kama mwizi. Nasoma, naogopa kugusa, natoka polepole. Na hiyo yangu yote uliyoona ilichapwa na msichana wangu."

Nilikaa kitandani na simu mkononi nikacheka peke yangu. Mtu niliyemwogopa na yeye alikuwa anaogopa. Tukakubaliana tuingie pamoja, saa moja, kila mmoja kwake. Nikaandika hodi. Na mara, papa, herufi zikaanza kutokea zenyewe chini ya zangu, moja moja, kama mtu anayekuja mlangoni kwa kandambili: "Karibu. Keti." Nilipiga kelele mpaka ukatoka bafuni na povu kichwani. Mpaka leo kikundi chetu ndivyo tunavyofanya. Anayeingia anapiga hodi pale pembeni pa maoni, aliye ndani anamkaribisha, tukimaliza tunafuta. Akinyi, ambaye mbele yetu bado ni msichana, mwanzoni alisema wamama tunapoteza bando la intaneti. Siku hizi yeye ndiye huandika, "Karibu, chai iko."

Nikadhani nimefika, kumbe bado. Kuna siku nilifuta kazi yote ya huyo huyo Akinyi. Nilitaka kunakili sentensi moja, nikagusa hapa, nikagusa pale, ukurasa ukawa mweupe pe. Nikakupigia, nawe ukaniambia kwa ile sauti yako ya wateja wakorofi, "Mathe, tulia. Usiguse kitu. Kuna kamshale hapo juu kanaangalia kushoto. Bonyeza hako." Nikabonyeza, yote yakarudi. Mimi nimekua nikiambiwa maji yakimwagika hayazoleki, na nimeishi hivyo, naogopa hata kubadilisha kiungo cha mchuzi. Humo ndani yanazoleka! Sijui kama nyinyi vijana mnaelewa hiyo ni faraja ya namna gani. Baada ya hapo nilianza kubonyeza vitu makusudi nione vinafanya nini, hasa wewe ukiwa hupo.

Mkutano wa video sitausemea sana. Nilinyoosha mkono, mkono wenyewe huu wa nyama, nikaukalisha juu kama watoto wangu wa darasani wanapoomba kwenda haja, wakati kumbe kuna kidude cha kubonyeza. Nikaeleza hoja zangu zote nikiwa nimezima sauti. Na baba yako akapita nyuma yangu na taulo. Mpaka leo Ticha Wanjiku akinisalimia huuliza, "Na wa taulo hajambo?" Nimejifunza kwamba aibu haiui. Ingekuwa inaua, hiyo siku mngenizika mimi na baba yako pamoja.

Sasa nije kwenye lililoniuma zaidi. Ile kazi ya kuandika juu ya mtoto anavyojifunza kuandika niliifanya kwa moyo, kwa sababu hapo ndipo ninapojua. Nilikuwa nimeandika hivi: "Mtoto hushika penseli kwanza kama anavyoshika mwiko, kwa ngumi. Ukimkemea ataiacha penseli, hataiacha ngumi." Niliipenda hiyo sentensi. Nikawa naisoma tena, mchana, baada ya shule, nikaona kimstari cha zambarau chenye jina lako kinatembea ndani ya maneno yangu. Wewe uko Njiru saiba, mimi niko nyumbani kitandani, nakutazama unavyofuta. Mwiko ukaenda. Ngumi ikaenda. Pakatokea: "Ukuzaji wa misuli midogo kwa mwanafunzi wa awali huhitaji mazingira wezeshi."

Ni Kiswahili, sikatai. Lakini hakina mtoto ndani.

Nikaandika chini yake: "Toka."

Ukaandika: "Mathe ni mimi."

"Najua ni wewe. Toka."

Kimstari kikasimama kidogo, kikapotea. Jioni tulikula ugali na sukuma. Mwishoni ukasukuma sahani ukasema, "Nilikuwa nakusaidia tu. Si wewe ndio huniitanga kila saa?" Nikainuka nikajifanya natafuta chumvi.

Jibu ninalo leo. Ni kweli nilikuita kila saa. Lakini sikuwa nimekwama kila saa.

Tangu uanze kazi ya saiba unarudi giza limeshaingia. Unakula macho yako kwenye simu, unasema asante, unaingia chumbani. Umekuwa mtu mzima na hilo silo kosa lako. Ila nikisema, "Wafula, njoo uone hii kitu imekataa," unavuta kiti unakaa hapa, bega lako karibu na langu, unanukia wino wa mashine ya kuchapa, unanieleza polepole bila kuchoka, kama mimi ninavyowaeleza watoto wangu. Nikaona ni heri iendelee kukataa. Mara nyingi nilikuwa nimeshaifungua mwenyewe. Nilikuwa naifunga tena, ndipo nakuita. Nilijifanya sijui, papa. Shuleni mtoto akishaanza kujaribu kufunga kamba za viatu simfungii tena, hata kengele ilie, hata wenzake wamuache. Nyumbani nikakaa na kamba zangu nimenyoosha mguu nakungoja wewe.

Ndiyo maana unaamini nitakwama. Nimekufundisha mwenyewe kuamini hivyo. Sasa mchezo wangu unataka kukunyima kazi, na hilo siwezi kulilalia. Naomba unisamehe.

Nikwambie na lingine ambalo nilikuficha. Wiki iliyopita tulikuwa na ile siku ya kuonyesha kazi kwa video mbele ya mwalimu na darasa zima. Ulirudi umechoka ukauliza, "Mathe, ile ya leo mlifanya?" Nikasema, "Tulijaribu." Ukanihurumia, nikakuacha unihurumie. Basi sikiliza tulivyojaribu.

Tulikuwa tumeanza vizuri, stima ikapotea. Unajua betri ya ile laptopu, inazima kama mtu aliyezirai. Nikachukua simu, nikaingia tena kwa linki. Nikamkuta Wanjiku anahangaika, picha zake zimekataa kuonekana, anasema, "Nasimiyu, naona kitu cheusi tu, naona uso wangu." Nikamwambia aziache, nitazionyesha mimi kutoka kwangu. Na nikazionyesha, kwa simu, na kidole kikubwa hivi. Kwa Akinyi jirani alikuwa amefungulia muziki, nikamwambia azime sauti mpaka zamu yake ifike, akazima. Nikasoma sehemu yangu yenye mwiko na ngumi, maana niliyarudisha maneno yangu yote siku ile ile uliyotoka ndani ya faili. Tulipomaliza yule kijana akauliza, "Mwalimu Nasimiyu, hapo nyumbani uko na nani anakusaidia?"

Nikamjibu, "Niko na mshumaa."

Tulipita, Wafula. Tulipita vizuri, na akatuambia sentensi ya mwiko ataitumia na wanafunzi wengine. Nilitaka kukuamsha nikwambie. Nikanyamaza, kwa sababu ukijua ninaweza hutavuta kiti tena. Mama yako ana akili za ajabu wakati mwingine.

Hilo somo la mwisho nitalifanya. Sisemi litakuwa rahisi. Nikikwama nitampigia Wanjiku, naye atakuwa amekwama, tutakwama pamoja mpaka Akinyi atuonee huruma. Na siku nikitaka uwe karibu nami nitasema hivyo hivyo kwa mdomo: Wafula, nimekukosa, piga simu. Sitasingizia faili.

Na wewe huko uendako, mwalimu hutakuwa wewe. Hapa mtaani umezoea kuwa yule anayejua. Kila mama akikwama anaambiwa aende kwa kijana wa Mama Wafula. Huko utakuta watu wanaongea Kiturkana, wewe hujui hata salamu. Utakuta fundi asiye na cheti ambaye amezifungua hizo mashine mpaka anazisikia zikiugua. Utaharibu kitu mbele ya watu na watacheka. Mtu wa kwanza kukucheka mwangalie vizuri, pengine naye anaingia kama mwizi na kutoka polepole. Na akitokea mtu mwema anayetaka kukufanyia kila kitu, mpende, lakini usimwachie spana. Mimi najua raha ya kufanyiwa. Ni raha kweli, na inalemaza.

Baba yako ameshafika, namsikia hapo nje anawatania wenzako. Nimalizie kabla hajaanza kuita watu kwenye nyama.

Barua hii nimeichapa mwenyewe, kuanzia salamu mpaka hapa, na nakutumia linki sasa hivi kwenye simu yako hapo ulipo. Isome kabla ya kuingia. Nilipofika kwenye kukupa ruhusa, mashine iliniuliza: huyu mtu asome tu, atoe maoni, au arekebishe? Kila kitu nilichowahi kuandika humu ndani nilikupa ya kurekebisha. Hii nimekupa ya kusoma tu. Utaona koma zimekosa mahali, utaona neno limekatika katikati kwa sababu ya ile herufi iliyong'oka, kidole kitakuwasha, utabonyeza. Haitakubali. Basi usihangaike nayo, papa. Wapigie watu wa Lodwar uwaambie unakuja.

Mama yako,
Nasimiyu